Mama ametuongezea hela ya zabibu, mdogo wangu hataki vyombo vya mnadani

Mshauri wetu, habari za kazi. Naomba jina langu lisitajwe, maana hapa Nkuhungu tunafahamika.

Mimi na mdogo wangu tunakodisha muziki. Tunafunga kwenye sendoff, harusi, vipaimara na mikutano ya vikundi, na kwenye misiba tunapeleka spika mbili na maiki. Tulivyonavyo ni spika mbili za inchi 15, amplifaya moja ya zamani na mixa ya chaneli 8. Ukumbi wa watu 100 au 150 tunaumudu. Ikija harusi ya watu 400 inabidi tukodi besi na amplifaya kwa wenzetu, na tukishawalipa hatubaki na kitu cha maana.

Tumejibana tukaweka akiba ya shilingi milioni 4, nusu yangu nusu yake. Baada ya mavuno ya zabibu ya mwezi wa tisa, mama yetu anayelima Hombolo akatuongezea milioni 2, akasema tukanunue vyombo tuache kuazima. Jumla milioni 6. Tunahitaji amplifaya kubwa, besi mbili za inchi 18, mixa ya chaneli 16 na maiki nne za bila waya.

Mdogo wangu anataka twende Kariakoo tununue vipya, tupakie, turudi. Mimi muda mrefu nafuatilia minada ya mtandaoni ya Uingereza na Japani. Huko naona amplifaya za kampuni zinazoheshimika, zile nzito zenyewe, zinakwenda kwa paundi 150 hadi 200. Paundi 180 ni kama laki sita na kidogo. Kitu hicho hicho kikiwa kipya hapa hatukigusi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi Leicester na amekubali kunipokelea mizigo na kuipakia kwenye kontena la kuchangia mpaka Dar. Japani kuna mawakala wanaokuwekea dau na kukusafirishia. Kwa hesabu zangu, milioni 6 ingetupa muziki ambao ukiwa mpya ungetugharimu mara mbili yake.

Mdogo wangu hataki hata kuziona hizo picha. Anasema, "Kikifika kimekufa, tunamdai nani?" Nilimjibu kwa hasira kwamba kazi yake ni kubeba na kuunganisha waya, vifaa havijui. Alinyamaza, na mpaka leo tunafanya kazi pamoja lakini maneno yetu ni ya kazi tu. Mke wangu naye ananung'unika kwamba nakesha na simu, kwa sababu minada mingi ya Uingereza inafungwa usiku wa huko na kwetu inakuwa saa sita, saa saba. Mama nilipomweleza alisema, "Wewe ndiye mkubwa, amua."

Hilo neno ndilo linaloninyima usingizi. Nikiagiza kikaharibika, nimeimaliza hela ya mama na ya mdogo wangu. Nikikubali vya Kariakoo, naona tunanunua vitu vyepesi vitakavyotuaibisha ukumbini baada ya mwaka. Nifanyeje?

Kaka Mkubwa, Nkuhungu, Dodoma

JIBU LA MSHAURI

Kaka, asante kwa kutuamini na jambo hili. Mmejibana wawili mkaweka akiba bila kudhulumiana, na mama amewaamini kiasi cha kuwakabidhi jasho la msimu mzima. Nionavyo mimi, unaogopa kuivunja imani hiyo kuliko unavyoogopa kupoteza amplifaya, na hofu hiyo ni ya mtu mwungwana.

Nikikuelewa vizuri, barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni la vyombo: kifaa kizuri kilichotumika kinafaa kuliko kipya cha daraja la chini kwa hela ile ile? La pili ni la nyumbani: nani aamue juu ya hela ambayo theluthi yake ni yako, theluthi ya mdogo wako na theluthi ya mama? Umeandika kana kwamba ukishinda la kwanza, la pili litajimaliza lenyewe. Tusiende haraka hapo. Tuanze na vyombo, kwa sababu baadhi ya hesabu zikikaa sawa, hata mazungumzo yenu yatakuwa mengine.

Unasema paundi 180 ni kama laki sita. Hiyo ni bei ya nyundo tu, yaani dau lililoshinda kabla ya ada na kodi. Minada yenyewe haifanani. Kwenye mtandao wa eBay unalipa bei uliyoshindia pamoja na usafirishaji. Kwenye nyumba za mnada zinazouza mali za kumbi, hoteli na kampuni zilizofungwa, juu ya dau lako kuna ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 15 hadi 25, kisha VAT ya Uingereza ya asilimia 20 juu ya vyote viwili. Baadhi ya nyumba hizo hurudisha VAT ukithibitisha kuwa mzigo umetoka nchini mwao, lakini ni jambo la kuuliza kabla.

Chukua karatasi na kalamu. Dau ni 180. Ada ya asilimia 20 ni 36, jumla 216. VAT yao ni 43.20, inakuwa 259.20. Weka 60 za meli na bima, thamani ya mzigo ukifika bandarini ni 319.20. Ushuru wa forodha tuuchukulie asilimia 25, yaani 79.80, sasa tuko 399. VAT yetu ya asilimia 18 inapigwa juu ya hiyo 399, wala si juu ya 180, nayo ni 71.82. Jumla paundi 470.82. Kwa paundi moja shilingi 3,400, laki sita yako imekuwa milioni 1.6, na bado hujamlipa wakala wa forodha, tozo nyingine za bandarini, wala gari la kutoka Dar mpaka Dodoma, kilomita kama 450. Nauli ya meli, kiwango cha ushuru na bei ya paundi nimevikadiria ili uone hesabu inavyotembea. Viwango halisi akupe wakala mwenye leseni, naye umpe jina la kifaa, namba ya modeli na nchi kinakotoka kabla hujaweka dau. Muulize na habari za TBS, kwa sababu wana utaratibu wa kukagua ubora wa bidhaa kabla mzigo haujaondoka huko. Na ujue kwamba TRA wakiona bei ya risiti ni ndogo kupita kiasi wanaweza kuuthaminisha mzigo upya.

Je, milioni 1.6 na ushee bado ni nafuu kwa amplifaya hiyo? Inawezekana kabisa. Ila ile nafuu ya mara mbili uliyomweleza mdogo wako sidhani kama itabaki, na ingefaa aione hesabu hii kutoka mkononi mwako.

Kwa Japani nakuomba uwe mwangalifu zaidi. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Amplifaya yenye trafo ya volti 100 ikichomekwa hapa, trafo inazidiwa na fyuzi inakatika. Siku mbaya kapasita zinapasuka kabla fyuzi haijafanya kazi yake. Wengi husema watanunua trafo ya kushushia umeme. Kwa redio ya sebuleni, sawa. Kwa amplifaya inayovuta wati 1,500 unahitaji trafo ya VA 2,000 au zaidi, chuma kizito cha kubeba kila harusi, na siku kijana wenu akichomeka moja kwa moja ukutani gizani, kazi imeisha. Omba picha ya bamba la nyuma. Likisema 100–240V, shida hiyo haipo. Likisema 100V peke yake, usidhani fundi ataibadilisha. Amplifaya zilizotengenezwa kuuzwa nchi nyingi mara nyingine huwa na nyaya za ziada kwenye trafo za kupokea 230, na hilo linajulikana kwa kuona mchoro wake. Uingereza haina mzigo huu. Umeme wao ni 230 na hertz 50, na plagi ni ya pini tatu kama zetu.

Jambo jingine la Japani ni neno janku kwenye maelezo ya bidhaa. Muuzaji akiliandika, amekwambia hakuna kurudisha, hata kama pichani taa inawaka. Waingereza nao huandika kwamba kitu kinauzwa kama kilivyo, au hakijajaribiwa, au ni kwa ajili ya vipuri. Taa kuwaka inathibitisha tu kwamba umeme umefika kwenye taa. Vibovu vina wanunuzi wake halali: bidhaa ya kwanza kuuzwa eBay mwaka 1995 ilikuwa kalamu mbovu ya leza, ikanunuliwa dola 14.83 na mtu aliyekuwa anakusanya kalamu za leza mbovu. Yeye alijua anachonunua. Kwenye mnada wa amplifaya unashindana na mafundi wenye karakana na vipuri, na wanapoacha kupanda dau mara nyingi wana sababu.

Sasa nije kwa shemeji yako wa Leicester. Yeye ndiye nguvu yenu kubwa kuliko zote, na kwenye barua umemtaja kama mpokea mizigo tu. Spika na amplifaya nzito huuzwa sana kwa sharti la mnunuzi kufuata mwenyewe. Walio mbali wanaziacha, dau linabaki chini. Mtu mwenye gari na jioni moja anaweza kufika, kuiwasha na kuisikiliza mbele ya muuzaji. Lakini kupokea na kupima ni kazi mbili tofauti. Amekubali ipi?

Nauliza kwa sababu ya hili. eBay wana dhamana ya kurudisha hela kama kitu hakilingani na maelezo, na muda wake ni siku 30 tangu kilipotakiwa kufika au kilipofika. Kikishapokelewa Leicester na kutumwa tena Tanzania, ulinzi huo unakoma. Kwa hiyo swali la mdogo wako, "tunamdai nani?", lina jibu kamili: mnamdai muuzaji, kwa mwezi mmoja, ikiwa kimepimwa kikiwa bado Uingereza. Kikifunguliwa mara ya kwanza Dodoma baada ya kukaa melini, hakuna wa kumdai. Kwenye nyumba za mnada za mali za kampuni zilizofungwa, mara nyingi hata huo mwezi haupo. Kaka, mdogo wako aliuliza swali ambalo mnunuzi mzoefu huanza nalo. Umesema vifaa havijui. Je, una hakika?

Kipimo chenyewe kinahitaji mita ya kawaida, spika mbili za oamu 8 na simu ya kuchezea muziki. Amplifaya iwashwe bila spika, iachwe dakika tano, kisha mita iwekwe kwenye volti za DC na ncha zake ziguse matundu ya kutolea sauti. Ikisoma chini ya milivolti 50, vizuri. Ikizidi 100 kuna kitu kinachoka ndani. Ikisoma volti nzima, spika isiunganishwe kabisa, koili itaungua. Baada ya hapo ziunganishwe spika pande zote mbili na upigwe muziki saa nzima. Dakika mbili hazitoshi, kwa sababu magonjwa mengi ya amplifaya hujificha mpaka ipate moto. Relei iliyochakaa, yaani swichi ya ndani inayounganisha spika, hukata upande mmoja sauti ikiwa ndogo na kuurudisha ukiongeza. Feni iliyokwama huifanya ijizime. Volyumu zinazokwaruza si ugonjwa wa kuogopesha, dawa ya kusafishia huzimaliza.

Kinachoniogopesha zaidi ni amplifaya iliyokwisha kufunguliwa na kutengenezwa. Transista za kutolea sauti kama 2SC5200 na 2SA1943 zina feki nyingi mno sokoni, na feki inaweza kuvumilia sebuleni ikafa bwana na bibi harusi wanapoingia ukumbini. Muuzaji aulizwe waziwazi kama imewahi kufunguliwa, na apige picha ya ndani. Kapasita zake kubwa zikiwa zimevimba kichwani au zina utomvu miguuni, zitahitaji kubadilishwa, na hiyo ni gharama ya kuingiza kwenye dau.

Hapa nikutetee kidogo kuhusu zile nzito. Amplifaya ya trafo kubwa ikiharibika, fundi mzuri wa Dodoma anaweza kuifufua, na huvumilia vizuri zaidi jenereta ya ukumbi inapoyumba. Zile nyepesi za kisasa zina bodi zilizojaa vipande vidogo sana. Zikifa, mara nyingi dawa ni kubadilisha bodi nzima, nayo unaiagiza. Uzito unaoupenda unaulipia melini, basi, lakini una maana yake.

Besi za inchi 18 ni habari nyingine. Boksi la sentimita 60 kwa 60 kwa 70 ni robo ya mita ya ujazo. Kwa ndege, wanaogawa sentimita za ujazo kwa 6,000 ili kupata kilo watakuhesabia kilo 42 kwa boksi moja hata kama ndani hamna kitu. Kwa meli inawezekana, lakini unasafirisha mbao na hewa kutoka Leicester, na boksi zito likiangushwa, sumaku huweza kusogea na koili ikaanza kusugua. Njia ambayo hukuitaja ni kununua draiva, yaani spika yenyewe ya ndani, peke yake na boksi akalitengeneza seremala wa hapa. Boksi la kipimo hicho linakula karibu karatasi nzima ya plaiwudi ya milimita 18, ukihesabu na vipande vya kukazia ndani. Isiwe MDF, haipendi maji wala kugongwa. Ujazo na tundu la hewa vifuate karatasi ya mtengenezaji wa draiva. Seremala akikadiria kwa macho, besi itatoka ya kupasuka na koili itaumia. Draiva iliyotumika nayo ipimwe: ya oamu 8 ikisomwa kwa mita isome kama 5.5 hadi 6.5. Ikisoma wazi, yaani umeme haupiti, koili imekatika. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa. Ukisikia mkwaruzo, iache. Ukingo wa kitambaa kilichokunjwakunjwa hudumu, ukingo wa foamu huoza wenyewe kwa miaka hata ikiwa stoo.

Kwa mixa sina mengi. Kila chaneli ijaribiwe moja moja kwa maiki, na kama ina adapta ya pembeni, iwepo ileile yake. Mixa nyingi za Yamaha za MG za zamani hutumia adapta maalumu ya pini tatu, na minadani ndicho kitu kinachopotea kwanza.

Maiki za bila waya naomba uzitazame kwa jicho kali kuliko vyote. Utaziona minadani kwa bei inayovutia sana, na sababu mara nyingi ni masafa. Uingereza iliondoa maiki kwenye masafa ya 700 MHz mwaka 2020 ili yapewe simu, na sehemu ya 800 ilikuwa imeshaondolewa kabla. Marekani nayo iliondoa sehemu kubwa ya 600 mwaka huo huo. Kwa hiyo huko zimekuwa haramu kutumia na wenyewe wanazimwaga. Hapa kwetu TCRA ilipiga mnada masafa ya 700 mwaka 2018 kwa ajili ya mitandao ya simu. Ukileta maiki iliyoandikwa kati ya 694 na 862 MHz, unaweza kukuta MC anakatika kila dakika kwa sababu mnara wa simu uko jirani. Soma masafa kwenye kibandiko cha kifaa chenyewe, picha ya tangazo haitoshi.

Nimezungumza sana juu ya hatari za mnada. Haki inanitaka niulize na upande wa mdogo wako. Yeye anadhani kipya ni salama, na hilo nalo si la kulichukulia hivi hivi. Hata dukani kuna majina ya kughushi. Kuna kipimo kimoja kisichohitaji ufundi: geuza amplifaya, usome fyuzi. Ya ampea 5 kwenye volti 230 inaruhusu kuvuta wati 1,150. Amplifaya hiyo ikiwa imeandikwa mbele wati 3,000, wati hizo za kudumu zinatoka wapi? Maiki ya Shure SM58 halisi ina gramu 298. Mizani ya dukani inatosha kuanza kuwa na mashaka. Muuzaji wa Kariakoo anayekubali kuipiga saa nzima mbele yenu, akaandika risiti yenye namba ya kifaa na muda wa kurudisha, anampa mdogo wako kile anachokitafuta. Asiyekubali ana tofauti gani na mnada?

Na kuna vya mtumba vya hapa hapa. Makanisa, hoteli na kumbi za Dodoma hubadilisha vyombo, na tangu serikali ihamie kumbi zimeongezeka. Cha hapa unakisikiliza kwa masikio yako kabla ya kutoa shilingi. Hatari yake ni vumbi letu la kiangazi, linaloziba feni na kuganda kwenye vyuma vya kupoozea, na mikono mingi ya mafundi waliokwisha kukipitia. Bei nayo huwa ya kuelewana na uchaguzi ni mdogo.

Ukizitazama njia hizi, unaona hamlazimiki kuchagua kati ya milioni 6 ya Kariakoo na milioni 6 ya mnadani. Mnaweza kuleta amplifaya moja kutoka Uingereza na besi mkazitengenezea hapa, mixa na maiki mkanunua mpya. Mnaweza kununua vipya kwa sasa na kuujaribu mnada baadaye kwa faida ya kazi. Kila mchanganyiko una gharama yake. Wa kwanza unawachelewesha, maana meli na bandari vina muda wake na msimu wa harusi haungoji. Wa pili unawapa kazi mapema, lakini utakiona kila siku mlichokiacha. Sijui ni upi unaowafaa, kwa sababu sijui kazi mlizokwisha kuchukua advansi, na wewe na mdogo wako mnajua.

Kuhusu kukesha, mke wako ana hoja na dawa yake ipo. Kwenye eBay unaweka kiwango cha juu kabisa unachokubali, na mfumo unakupandia kidogo kidogo, kwa kadiri ya kumzidi mwenzako tu. Ukiweka 200 na anayekufuata akaishia 150, hulipi 200. Weka saa mbili usiku, ulale. Mtu anayekesha huongeza dau kwa sababu amepitwa, na kesho yake thamani ya kifaa ni ileile ya jana. Kabla ya kuweka, tazama bei ambazo vifaa vya modeli hiyo vimeshauzwa, usitazame wanazoomba wauzaji. Kisha rudi nyuma kutoka kwenye bei ya kifaa kikiwa Nkuhungu: toa usafiri, ushuru, VAT, ada na hela ya fundi. Kinachobaki ndicho dau.

Turudi nyumbani. Amplifaya ikizimika ukumbini, nani anasimama mbele ya kamati ya harusi? Kama ni nyinyi wawili, au kama ni yeye zaidi kwa kuwa ndiye anayefunga na kuunganisha, basi hatari ya kifaa iko mabegani mwake hata kama dau umeliweka wewe. Labda kukataa kwake picha hakutokani na kutojua. Labda anasikia kwamba ameshaondolewa kwenye uamuzi. Lile neno la kubeba na kuunganisha waya bado liko katikati yenu, na naamini unalijua hilo, ndiyo maana umeliandika. Ungeweza kumwomba radhi kwa neno hilo kabla ya kufungua tena suala la mnada, na si kama njia ya kumlainisha akubali. Pengine ungempa yeye kazi ya kuandaa orodha ya kupima ambayo shemeji ataifuata, kwa sababu anayeunganisha waya kila wiki anajua tundu gani hulegea na kifaa gani huchemka.

Na mama. Amesema uamue kwa kuwa wewe ni mkubwa. Lakini milioni 2 yake ni nini hasa: zawadi, mkopo, au ni hisa yake katika kazi yenu? Majibu hayo matatu yanabeba hatari tofauti. Zawadi inaweza kujaribiwa kwa ruhusa yake. Mkopo wa kurudishwa kabla ya msimu ujao wa zabibu, akihitaji dawa na vibarua, pengine usipande meli. Kumuuliza hakukupunguzii ukubwa wako. Inawezekana hata yeye hajalifikiria, na angefurahi kuulizwa na nyinyi wote wawili mkiwa mmekaa mbele yake.

Mkikaa, jaribuni kuandika kiasi ambacho mkikipoteza chote mtasikitika lakini hamtagombana. Kinaweza kuwa laki tano, kinaweza kuwa milioni 2, kinaweza kuwa hakuna. Kiandikeni pamoja na jina la nani atakubali kifaa baada ya kipimo cha Leicester. Kisha, kaka, ukipata picha ya bamba la nyuma la ile amplifaya unayoitamani, itume tuitazame. Na mwambie mdogo wako naye atume ya ile aliyoiona Kariakoo, fyuzi ikionekana.